Jozi

Watu wakituuliza tulikutana wapi
Zauri haelekezi mtaani wala kanisani.
Hunyoosha kidole hewani,
pale katikati ya bonde la Chiatura
ambapo waya umelegea kidogo
kama kamba ya kuanikia nguo za mjane.

Mimi nilikuwa kituo cha juu, mwendesha vigari,
mkono mmoja kwenye wenzo, mwingine mfukoni
mwa koti la marehemu baba.
Yeye alikuwa mchimba manganisi, zamu ya usiku,
anarudi nyumbani mweusi hadi kwenye kope.
Sikumjua. Nilijua uzito wao tu:
kigari kikibeba wachimbaji
waya huimba kwa sauti nene.

Ulikuwa msimu ule wa baridi ambao umeme
ulikuja kama shemeji mwenye madeni:
unabisha hodi, hauketi, hausemi utarudi lini.
Ukakatika. Kigari kikaning'inia.
Ikalia ile simu ya kuzungusha kwa mkono.
"Dada, tuko wanne na bata mzinga mmoja.
Tushuke kwa miguu?"
Nikamwambia, mkishuka mtashuka mara moja tu.
Kimya.
Halafu akacheka, na kicheko chake
kikanifikia kikiwa na theluji ndani yake.

Dakika hamsini.
Nilimuuliza jina ili asisinzie.
Akaniuliza langu ili nisiogope.
Hatukuonana: kwangu yeye ni doa,
kwake mimi ni dirisha lenye mshumaa.

Kesho yake nikakuta kwenye kizingiti
jozi sita ndani ya kipande cha gazeti
na maandishi ya penseli: Nauli ya maneno.

Wanasema fuata nyuki ule asali.
Mimi nilifuata giza.
Nikaanza kuomba, Mungu anisamehe,
maana hospitali ilikuwa na wagonjwa,
umeme ukatike saa kumi na mbili na robo asubuhi.
Ukakatika mara nne kabla ya Machi.
Siku moja alinieleza jiwe linavyonuka
kabla ya kupasuka.
Siku nyingine nilimsomea barua ya dada yangu
aliyehamia Thesaloniki kulea wazee wa watu;
Bi Pelagia, yule mwenye bata,
akalia, akaomba nirudie aya ya mwisho.
Mara ya nne hatukusema kitu,
tulishika simu tu, kila mtu na pumzi yake.
Hiyo ndiyo niliyoihesabu.

Aprili umeme ukatengemaa.
Mji mzima ulishangilia, nami nikapiga makofi
kama mtu aliyefiwa ambaye hajaambiwa.
Kigari kikawa kinafika.
Zauri anashuka, uso umenawa, anapita dirishani:
"Habari." "Nzuri."
Tulikuwa mabubu wa mchana,
kama watu wanaosubiri kung'olewa meno.
Jozi zilikuja bado. Maneno, hapana.

Basi Jumanne moja, hata chai sijanywa,
nikavuta wenzo.

Kigari kikasimama juu ya mto Kvirila,
kikayumba, kikatulia. Simu ikalia.
"Umeme tena?"
"Umeme," nikasema. Ulimi ulikuwa mkavu.
"Zauri, mama anauliza jozi hizi zinatoka kwa nani.
Nimjibu nini?"
Nikasikia upepo. Nikasikia bata.
"Mwambie," akasema taratibu, "zinatoka kwa mkwewe."
Na nyuma yake sauti ya Bi Pelagia, kali kama siki:
"Na mwambie bata huyu ni wa harusi,
alimradi tufike!"

Pete ilikuja baadaye, ya bibi yake, ikanibana,
tukaipeleka kwa fundi saa akaipanua.

Sasa ni miaka kumi na tisa.
Juzi jikoni, anapasua jozi kwa nyundo ndogo,
nikaona heri nitue mzigo:
"Siku ile, Zauri, umeme ulikuwepo."
Hakuinua kichwa.
"Najua," akasema.
"Taa zote za sokoni zilikuwa zinawaka
chini ya viatu vyangu."

Akanipa nusu, akala nusu.